Alichokijua Kananu

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mabati ya Makutano, mjini Meru. Nguo za wapangaji zilikuwa zimeanza kukauka kambani. Na Fundi Njeru alikuwa amesimama kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, akiuliza ni nani amezima stima.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana, msomaji. Mkono mmoja ukutani, mwingine ukipapasa hewa.

"Si nauliza nyinyi! Kwani stima imepotea?"

Mugendi, mwanawe, alicheka. Usimlaumu. Ni mtoto wa miaka kumi na mitatu, na babake alijulikana ploti nzima kwa mzaha.

"Baba, wacha mchezo. Kumekucha kitambo."

"Basi washa taa."

"Ya nini? Kuna jua."

Njeru aligeuza uso kule ilikotoka sauti ya mwanawe, lakini macho yake yalipita juu ya kichwa cha kijana yakaenda kutua ukutani. Mugendi akaacha kucheka.

"Mugendi," fundi alisema polepole, "hilo jua liko wapi?"

Kisha akaanguka pale ngazini.

Kananu alikuwa ngazi chache chini yao, beseni la nguo kiunoni. Hakupiga mayowe. Majirani walipotoka milangoni wakiuliza fundi amerogwa na nani, yeye alibaki pale pale, maji ya nguo yakimchuruzikia miguuni. Katika ploti ile yote, mtoto huyu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyejua kilichoyazima macho ya Njeru.

Mamake, Karambu, ndiye mwenye baa iliyo chini ya ploti. Jana jioni Kananu alikuwa nyuma ya kaunta akifanya hesabu za shule, Koome alipoingia na mtungi wa bluu begani. Koome ndiye huwaletea pombe ile isiyo na chupa wala karatasi ya kibandiko. Karambu alifungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma.

"Koome, hii mbona inanuka kama rangi ya ukuta?"

"Ongeza maji, Mama Kananu. Kwani hao wateja wako hunusa?"

Karambu akaongeza maji. Na wa kwanza kuagiza, akitoka kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi, alikuwa Fundi Njeru.

Kananu alikuwa amesikia redioni habari za watu waliokunywa kitu cha namna hiyo wakaamka vipofu. Wengine hawakuamka.

Sasa niseme jambo ambalo Kananu hajamwambia mtu, hata rafiki yake wa dawati moja. Mugendi alihamia hapo mwezi wa kwanza kutoka Kanja, upande wa Embu, baada ya mamake kufariki. Alikuja akiogopa kuvuka barabara kuu, na akijifanya haogopi. Kananu, aliyezaliwa humu humu mjini, alimfundisha: tazama pikipiki kwanza, magari baadaye, kwa sababu pikipiki haina adabu. Naye Mugendi akampandisha darini wanakoanika nguo, asubuhi moja Mlima Kenya ulipokuwa umejivua mawingu, akamwambia, "Huu mnaouona nyinyi watu wa Meru ni mgongo. Uso uko kwetu." Kananu akabisha. Wamebishana tangu siku hiyo. Na tangu siku hiyo Kananu huchana nywele mara mbili kabla ya kwenda kuchota maji, wala hali mandazi mbele ya kijana yule, asije akabaki na mafuta mdomoni. Hajui jambo hilo linaitwaje. Anajua tu kwamba Mugendi akikohoa kule juu, yeye huku chini humsikia.

Kananu alitupa beseni, akashuka mbio.

"Mama! Baba Mugendi haoni."

Karambu alikuwa akipanguza kaunta. "Haoni nini?"

"Haoni kabisa. Macho yamekufa. Anasema kuna giza."

Kitambaa kilisimama. Karambu alitazama mlango wa stoo, na rangi ikamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka.

"Koome aliniambia ni ile ile," alinong'ona. Kisha akapaza sauti. "Stephen! Stephen, njoo hapa!"

Stephen, mwanamume wa makamo aliyemfanyia kazi pale baani, alitokeza akikausha mikono.

"Ule mtungi wa jana, mwaga chooni. Mwaga wote, usuuze. Ule wa zamani uache. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Mama," Kananu alisema, "twende tuwaambie."

"Tuwaambie nini?"

"Kile alikunywa. Ndiyo daktari ajue."

Karambu alimshika mabega, akamvuta karibu hadi pua zikakaribia kugusana.

"Sikiza. Niliuza ndizi za Mitunguu juani mpaka nikapata hii kaunta. Babako alipokufa alituachia nini? Sufuria mbili. Wakijua, mimi nitaozea ndani. Na wewe? Nani atakulea? Ukiulizwa, fundi alikunywa bia. Ya chupa. Hebu sema."

"Ya chupa."

"Apa kwa kaburi la babako."

Kananu aliapa. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Nje, wanaume walikuwa wakimwingiza Njeru kwenye teksi. Mugendi alichungulia mlangoni mwa baa, viatu bila kamba, machozi hayajashuka wala hayajarudi.

"Kananu, twende na wewe. Mimi hiyo hospitali siijui."

Karambu alimtazama bintiye. "Nenda," alisema. "Na uchunge mdomo."

Hospitalini, Njeru alikuwa ameacha kuuliza habari za taa. Alikuwa ameacha kuuliza chochote. Alipumua haraka haraka kama mtu aliyepanda kilima, na akiitwa jina hakuitika.

Daktari Rwamba, mtu mrefu mwenye macho mekundu ya kukesha, alimfunua kope, akamulika tochi, akakunja uso.

"Jana alikula nini? Alikunywa nini?"

"Alipitia kwa kina Kananu," Mugendi alijibu. "Lakini huwa ni bia tu, daktari. Ya chupa. Si ndiyo, Kananu?"

Na hapo, mbele ya daktari, mbele ya muuguzi, Mugendi akamshika mkono.

Ndiyo mara ya kwanza. Kiganja kilikuwa kikavu na kigumu, kiganja cha mtoto aliyeshika jembe kabla ya kushika kalamu. Kananu alikuwa amewaza jambo hilo mara nyingi akiwa kitandani: kwamba litatokea darini, au njiani wakitoka shule, na kwamba atacheka. Sasa lilikuwa limetokea, na daktari alikuwa akimsubiri ajibu.

"Ndiyo," alisema. "Ya chupa."

"Una hakika, msichana? Kwa sababu kama ni ya mtungi, matibabu ni mengine kabisa. Na hatuna muda wa kukisia."

Vidole vya Mugendi vilimkaza.

"Nina hakika."

"Basi tuanze na kichwa," Daktari Rwamba akamwambia muuguzi. "Huenda ni mshipa umepasuka."

Wakamsukuma Njeru kwa kitanda cha magurudumu, upande ambao haukuwa na dawa yake.

Watoto walikaa kwenye benchi la ukumbi. Mugendi hakuuachilia ule mkono. Alizungumza bila kukoma, kama watu wanavyofanya wakiogopa kimya.

"Baba akipona, Disemba tunaenda Kanja. Cucu, nyanya yangu, atakuchinjia kuku, wewe ngoja tu. Halafu nitakuonyesha uso wa mlima. Utanyamaza."

"Sitanyamaza."

"Utanyamaza. Mbona unatetemeka?"

"Baridi."

"Hakuna baridi, Kananu."

Saa zilikwenda. Adhuhuri ilipita. Ghafla kilio cha mwanamke kilipasua ukumbi, na kitanda kingine kikapita mbele yao kikisukumwa taratibu, maana aliyekilalia hakuwa na haraka tena. Shuka lilimfunika hadi usoni. Mguu mmoja ulikuwa nje, na Kananu aliijua ile soksi yenye viraka. Ni mzee Gitari, mshona viatu wa pale Makutano. Jana jioni alikuwa amekaa bega kwa bega na Njeru, wakigawana mzaha na glasi.

"Huyu naye alifika akisema haoni," muuguzi alimwambia mwenzake.

Kananu alijinasua mkono, akakimbia.

Alimkuta Daktari Rwamba mlangoni, akamshika koti kwa mikono miwili.

"Haikuwa ya chupa! Ilikuwa ya mtungi. Ilikuwa inanuka rangi. Mama aliongeza maji. Na yule mzee pia aliinywa. Wengi waliinywa!"

Daktari hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alimtazama kwa sekunde moja, mtazamo wa mtu anayehesabu saa zilizopotea, kisha akageuka na kuanza kukimbia yeye mwenyewe, koti likipepea.

"Tayarisheni mashine ya kusafisha damu! Yule wa Makutano, mrudisheni hapa! Na mtu apigie polisi simu, kuna wengine huko manyumbani!"

Kananu aligeuka.

Mugendi alikuwa nyuma yake.

"Ulijua," alisema.

"Niliapishwa."

"Tukiwa kwa ngazi, ulikuwa unajua."

"Mama alisema watamfunga, Mugendi. Alisema nitabaki peke yangu—"

"Nilikushika mkono."

Hakupaza sauti. Alikitazama kiganja chake, akakipangusa kwenye suruali, mbele na nyuma, bila haraka. Halafu akaenda kwenye dirisha la mwisho wa ukumbi, lile linaloelekea langoni na barabarani, akasimama huko akimpa mgongo.

Kananu hakuthubutu kumfuata. Alitaka kulia, akaona hana haki.

Daktari Rwamba alirudi jasho likimtoka. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Kijana, babako yuko kwa mashine. Uhai wake nitaupigania. Macho..." Akaweka mkono begani pa mtoto. "Macho siwezi kukuahidi."

Mugendi aliitikia kwa kichwa. Hakugeuka.

Na ni wakati huo, wasomaji wangu, Karambu alipoingia.

Aliingia akitembea kwa miguu yake, kilemba cha kanisani kichwani, Stephen akimfuata nyuma kama kivuli kilichopigwa. Hakuonekana mwenye hatia. Alionekana mwenye ushindi.

"Kananu! Njoo twende nyumbani."

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya nini? Waulize Makutano! Gitari amekufa, watu wakanijia na mawe. Ati nimeua. Ati kama pombe yangu ni safi, nikunywe. Nikamwambia Stephen alete mtungi. Nikajaza glasi, nikapiga mkupuo mmoja, macho yao yote kwangu. Wakabaki midomo wazi. Mmoja mmoja mawe yakaanguka chini."

Daktari Rwamba alikuwa amesikia. Alikuja haraka.

"Mama, umekunywa nini?"

"Pombe yangu. Si unaniona nimesimama?"

"Hata hawa jana walisimama. Waliimba wakienda nyumbani. Hii sumu haiamki siku hiyo hiyo. Kaa hapa tukupime damu."

"Nipimwe nikiwa mzima? Ndiyo mniandikie kesi?"

Alimvuta Kananu kando, akamnong'oneza, pumzi yake ikinuka peremende. "Usiogope, mwanangu. Niliyokunywa ni ile ya zamani. Ile mbaya Stephen alimwaga asubuhi. Sasa hakuna mtu atashika kitu juu yetu. Tumepona."

Kananu alirudi nyuma hatua moja.

"Mama. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Yote. Koome, na mtungi, na maji."

Alikaza macho akingojea kofi. Halikuja. Karambu alimtazama. Kisha alinyoosha mkono akamfunga kifungo cha juu cha sweta, kama afanyavyo asubuhi za shule.

"Nimekuzaa mwenyewe," alisema. "Nani nitamlaumu?"

Akatoka.

"Mama, usiende!" Daktari Rwamba aliita. "Hata kama hutaki polisi, usiende!"

Kananu alimkimbilia hadi mlangoni. Aliona kilemba kikishuka vidato, mlango wa Probox ya kijivu ukifunguka, na Koome ndani, shingo nje, akimwashiria aharakishe. Gari lilipita langoni. Ukuta wa hospitali ukalimeza.

Alipogeuka, Stephen alikuwa bado amesimama palepale alipoachwa. Alikuwa akilia bila sauti, mtu mzima, mikono ikining'inia.

"Kananu," alisema. "Ile mitungi."

"Mitungi imefanya nini?"

"Yote ni ya bluu. Yote."

"Stephen, sema!"

"Asubuhi nilianza kumwaga, watu wakaanza kupita wakipiga kelele habari za fundi. Nikaingiwa na hofu. Nilimwaga mmoja haraka, sikunusa. Alipokunywa pale mbele ya watu, nikaona namna alikunja uso. Walipotawanyika nikainama kuunusa ule uliobaki."

"Ulinuka nini?"

Stephen alifunika uso.

"Rangi."

Daktari Rwamba alimgeukia Stephen.

"Na hukumwambia? Mmekuja naye mpaka hapa!"

"Njia yote alikuwa kwa simu na Koome. Alikuwa amefurahi, daktari. Alikuwa anacheka. Niliogopa."

Kananu alimpokonya Stephen simu, akapiga nambari aliyoijua tangu akiwa chekechea. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Koome hakuwa mjinga. Mtu anayetoroka polisi haachi simu ikiwaka, wala haruhusu abiria wake aache.

"Bado hajaanza kuumwa," daktari alisema upesi. "Akirudishwa leo leo, atapona, na macho yake yatapona. Akilala na hiyo kitu tumboni huko anakokwenda, kesho atakuwa kama Gitari. Nitawaambia polisi wafunge barabara, lakini ni ipi? Ya Nkubu kwenda Embu? Ya Maua? Au wameshika ile ya Nanyuki? Hawana magari ya kufunga zote." Akaangaza ukumbi mzima. "Kuna mtu ameona lile gari lilikopinda?"

Stephen alitikisa kichwa. Muuguzi alitikisa kichwa. Wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye mabenchi walitazamana.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wote wakageukia dirisha la mwisho.

Mugendi alikuwa ameligeuzia mgongo dirisha. Hapo alipokuwa amesimama wakati wote lango linaonekana lote, na barabara inaonekana hadi kwenye njia panda.

"Kijana," Daktari Rwamba alisema kwa upole, "ulikuwa hapo. Lile gari la kijivu limeenda upande gani?"

Mugendi alimtazama daktari. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu alipokipangusa kiganja chake, akamtazama Kananu. Alimtazama sana. Kutoka chumba cha pili mashine iliyokuwa ikisafisha damu ya babake ilisikika ikilia, ikinyamaza, ikilia tena.

"Mugendi," Kananu alisema. "Tafadhali."

"Sikuona," Mugendi alijibu.

Daktari akapumua, akashika simu, akaanza kuwaeleza polisi wajaribu barabara zote. Stephen akaketi sakafuni. Hakuna aliyemtilia shaka mtoto ambaye babake alikuwa kati ya kufa na kupona.

Ni Kananu peke yake. Yeye alikuwa amesema uongo asubuhi ile ile, ndani ya ukumbi ule ule, na alijua jinsi macho yanavyokauka na sauti inavyotulia.

Mugendi alikuwa ameona.